Desktopu Tatu kwa Kompyuta Moja: GNOME, Plasma na Xfce Zikae Pamoja Bila Vurugu

Nyumbani kwetu Kayole kuna laptopu moja tu. Ni ThinkPad ya mtumba niliyoitoa Luthuli Avenue hapa Nairobi, RAM 8GB, SSD 256GB, na watumiaji wake ni watatu: mimi na kazi zangu, mamangu anayeandika hesabu za chama kwa LibreOffice Calc, na dadangu mdogo aliye kampasi. Mama anataka herufi kubwa na vitu visihame mahali alipoviacha jana. Dada anapenda GNOME, ile desktopu (yaani madirisha, menyu na paneli unazoona kwa skrini) iliyokuja na Ubuntu. Mimi nataka KDE Plasma juu ya madirisha yake na njia zake za mkato za kibodi, na sikuona sababu mtu mmoja alazimishe wengine wawili watumie anachopenda yeye.

Kwa hivyo kwa hiyo mashine kuna GNOME ya dada, Plasma yangu na Xfce ya mama, zote juu ya Ubuntu 24.04 moja, na zinakaa vizuri sana, lakini haikuwa hivyo mwanzoni na ndio maana naandika hii yote. Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na ukiuliza mtu kuhusu desktopu nyingi atakwambia ivo ivo, usijaribu utaharibu. Shida lakini haiko kwa kuinstoli, hiyo ni amri mbili tatu tu. Haiko pia kwa nafasi ya diski. Shida iko kwa zizi, na zizi ni foda yako ya nyumbani, ile /home/jinalako. Desktopu zote zikiingia humo kwa jina la mtu mmoja zinaanza kuandika setingi juu ya setingi za mwenzake, na unaamka asubuhi unakuta kishale cha mausi kimebadilika, Chrome imekutoa kwa kila akaunti, na hujui ni nani alifanya. Mpe kila mmoja zizi lake na vita vinaisha. Ukikubali hilo peke yake umeshavuka zaidi ya nusu ya hii kazi.

Amri zote hapa ni za Ubuntu 24.04, kwa Debian ni karibu zile zile. Linux zingine majina ya pakeji yatabadilika lakini mambo ya foda na mafaili ni yale yale.

Kabla hujagusa kitu

Fungua terminali uangalie uko wapi:

```
echo $XDG_CURRENT_DESKTOP
echo $XDG_SESSION_TYPE
cat /etc/X11/default-display-manager
df -h /
free -h
```

Ya kwanza inakwambia desktopu uliyomo, kwa Ubuntu ya kawaida utaona `ubuntu:GNOME`. Ya pili inasema kama ni wayland ama x11, njia mbili za Linux za kuchora skrini. Ya tatu ndio muhimu zaidi, inaonyesha programu inayokuletea ile skrini ya kuweka paswadi, kwa Ubuntu ni `/usr/sbin/gdm3`. Andika hilo jina mahali. Ya nne ni nafasi, mimi sianzi kama diski haina angalau 15GB wazi, kwa sababu diski ikijaa katikati ya hii kazi ndio unapata skrini nyeusi na kuingia kunakataa.

Kuhusu RAM usiogope. Desktopu iliyoinstoliwa na haijafunguliwa haili RAM, imelala tu kwa diski. Wale wanasema laptopu itakuwa nzito kwa sababu umeweka tatu wanachanganya kuwa nayo na kuifungua. Ukizifungua mbili kwa wakati mmoja hapo sasa ni hadithi ingine, nitafika.

Halafu bekapu. Kwa mfumo tumia Timeshift:

```
sudo apt install timeshift
```

Ifungue kwa menyu mara ya kwanza, chagua RSYNC, chagua diski, tengeneza picha moja ya mfumo vile uko sasa. Timeshift kwa kawaida haigusi /home, hiyo ni ya mfumo peke yake. Kwa setingi zako za GNOME fanya hivi:

```
sudo apt install dconf-cli
dconf dump / > ~/gnome-yangu.ini
```

Hiyo faili ni ndogo sana na itakuokoa siku moja, nitaonyesha vile inarudishwa.

Bando na stima

Hapa Nairobi hatuwezi kuongea kuinstoli bila kuongea hizi mbili. Kama unatumia bando ya simu usianze tu ukingoje. Andika amri, uone apt (programu ya Ubuntu ya kuinstoli) inasema nini, kisha ukatae:

```
sudo apt update
sudo apt install kde-plasma-desktop
```

Kabla haijashusha chochote itakuandikia itavuta MB ngapi na itakula nafasi gani kwa diski, halafu inauliza kama iendelee. Bonyeza n. Sasa unajua. Kama ni nyingi ngoja ukiwa kwa wifi ya mtu, ama kampasi, kisha ushushe bila kuinstoli:

```
sudo apt-get install -d kde-plasma-desktop
```

Ile `-d` inadaunlodi tu na kuweka mafaili kwa /var/cache/apt/archives. Ukifika nyumbani unarudia amri hiyo hiyo bila `-d` na inainstoli bila kugusa intaneti. Nimeandika apt-get kwa makusudi, si apt, kwa sababu apt-get huacha yale mafaili ya .deb hapo hata baada ya kuinstoli, apt inayafuta. Ukiwa na jirani mwenye Ubuntu ile ile unamkopia hayo mafaili kwa flashi, anayaweka kwa foda yake ya /var/cache/apt/archives, anafanya `sudo apt update` na akiinstoli inachukua yale anayo na kuvuta tu yaliyopungua. Sisi tumefanya hivyo kwa ploti yetu na wengine hawakutumia hata robo ya bando.

Stima sasa. Kama betri ya laptopu imeisha nguvu na inategemea soketi, stima ikipotea katikati ya kuinstoli usilie na usianze kuweka Ubuntu upya. Ikirudi washa mashine, na kama skrini ya kuingia haiji bonyeza Ctrl+Alt+F3, weka jina na paswadi, kisha:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

Ya kwanza inamalizia pakeji zilizoachwa nusu, ya pili inajaza zilizokosekana. Mara nyingi hiyo inatosha.

Chagua pakeji ndogo

Hapa ndipo watu wengi wanajiumiza. Plasma kwa Ubuntu unaweza kuipata kwa majina kadhaa: `kde-plasma-desktop`, `kde-standard`, `kde-full`, `kubuntu-desktop`. Xfce nayo iko kama `xfce4`, `xubuntu-core`, `xubuntu-desktop`. `kubuntu-desktop` na `xubuntu-desktop` zinakuletea desktopu pamoja na nyumba nzima, programu zake zote, picha za ukutani, hadi ile picha inayoonekana mashine ikiwaka inabadilika. Kama hutaki hayo chukua ndogo:

```
sudo apt install kde-plasma-desktop
sudo apt install xfce4 xfce4-goodies
```

Fanya moja kwanza, ingia, uitumie siku mbili tatu, ndio uongeze nyingine. Ukiweka mbili kwa mpigo na kitu kiharibike hutajua ni gani. Na kama tayari uliweka ile kubwa na picha ya kuwaka imebadilika, unairudisha hivi:

```
sudo update-alternatives --config default.plymouth
sudo update-initramfs -u
```

Ile skrini inayouliza gdm3 ama sddm

Katikati ya kuinstoli Plasma terminali itageuka na kukuwekea kisanduku kinachouliza unataka display manager gani, yaani ile programu ya skrini ya kuweka paswadi. Watu wengi hapa wanabonyeza Enter tu ndio ipite, na hili ni swali lenye uzito. GNOME huja na GDM, Plasma huja na SDDM, Xfce mara nyingi inaburuta LightDM. Zote tatu zinaweza kuwa ndani ya kompyuta lakini inayofanya kazi ni moja, ni kama ploti yenye mageti matatu na askari mmoja, lazima useme atakaa geti gani.

Ushauri wangu: kama GNOME inabaki kwa hiyo mashine, baki na gdm3. Sababu ni kwamba GNOME inategemea GDM kwa kufunga skrini. Ukitumia SDDM ama LightDM halafu uingie GNOME, kufunga skrini kwa Super+L (Super ni kile kitufe cha Windows) hakutafanya kazi vile umezoea, na kwa nyumba yenye watu hilo ni jambo kubwa. Plasma ina kufuli yake yenyewe ambayo haijali nani yuko getini. Xfce pia ukiweka `xfce4-screensaver` iko sawa. Kwa hivyo GDM ndio inakubalika na wote. Shuka kwa gdm3 na mshale, Tab ufike OK, Enter.

Ulishakosea? Hakuna shida, kisanduku kinarudi kwa:

```
sudo dpkg-reconfigure gdm3
```

Kisha zima uwashe. Na ukiwasha upate skrini nyeusi, Ctrl+Alt+F3 tena, ingia kwa maandishi, endesha hiyo hiyo amri, na useme:

```
sudo systemctl restart display-manager
```

Kuchagua desktopu yenyewe sasa. Kwa GDM bonyeza jina lako kwanza, na kabla hujaweka paswadi angalia chini kulia, kuna alama ya gia. Hiyo gia haionekani kabla hujachagua jina, na wengi wanafikiri haipo. Iguse utaona orodha: Ubuntu, Plasma, Xfce Session. Chagua, weka paswadi, ingia. Mashine inakumbuka chaguo la kila mtu, hutachagua tena kesho. Kama laptopu yako inaingia yenyewe bila paswadi hutaona hii skrini kabisa, zima kwanza hiyo setingi ya kuingia moja kwa moja.

Hiyo orodha haitoki hewani, inasomwa kutoka foda mbili, /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions. Desktopu isipotokea kwa gia angalia humo. Kama faili yake haipo basi haikuinstoliwa ikaisha.

Kila desktopu na mtu wake

Hapa sasa ndio moyo wa jambo. Hata kama uko peke yako kwa hiyo kompyuta, kama unataka kujaribu Plasma na GNOME kwa muda mrefu tengeneza mtumiaji wa pili. Kwetu nilifanya:

```
sudo adduser mama
sudo adduser dada
```

Inakuuliza paswadi na jina kamili, mengine unabonyeza Enter. Mama anachagua Xfce mara moja kwa ile gia na basi, kila akiingia ni Xfce. Nilimkuzia fonti, nikaenda kwa mapendeleo ya paneli nikaweka alama kwa ile sehemu ya kufunga paneli isisogee, na tangu hapo hajaniita ati menyu imepotea. Hakuna kitu Plasma yangu inafanya kinachoweza kumfikia, kwa sababu kila setingi yake iko /home/mama na yangu haiwezi kuandika huko. Kuanzia Ubuntu 21.04 hata kuona ndani ya foda ya mwenzako huwezi, imefungwa.

Ila hiyo kufungwa inaleta swali, mafaili ya pamoja je? Picha za familia, hizo hesabu za chama ambazo mimi huwa naangalia kabla ya mkutano? Tengeneza foda ya wote:

```
sudo apt install acl
sudo groupadd nyumba
sudo usermod -aG nyumba mama
sudo usermod -aG nyumba dada
sudo usermod -aG nyumba $USER
sudo mkdir /srv/nyumba
sudo chgrp nyumba /srv/nyumba
sudo chmod 2770 /srv/nyumba
sudo setfacl -d -m g:nyumba:rwx /srv/nyumba
```

Ile 2 kwa mbele ya 770 inafanya kila faili inayozaliwa humo iwe ya kundi la nyumba, si ya aliyeitengeneza peke yake, na setfacl inahakikisha wengine wanaweza kuandika. Bila hizo mbili mama ataandika hesabu, wewe uifungue uambiwe ni ya kusoma tu. Kila mtu atoke na aingie tena ndio kundi lishike. Na ukipeleka faili humo ikopi, usiihamishe, kwa sababu faili iliyohamishwa inakuja na ruhusa zake za zamani na utashangaa mbona hii moja imekataa.

Lakini ukitaka kutumia jina moja kwa zote

Kuna watu hawatakubali kuwa na majina mawili, na nawaelewa, mafaili yako yako pale na Firefox yako iko pale. Inawezekana, ila ujue zinagongana wapi.

Kwanza kwa nini zinagongana. KDE ilianza 1996, Xfce mwaka huo huo, GNOME 1997. KDE imejengwa na Qt, GNOME na Xfce zimejengwa na GTK, na hizo ni njia mbili tofauti za kuchora vitufe na madirisha. Baadaye wakakubaliana mambo fulani ya pamoja kupitia freedesktop.org, kama vile programu za kujianzisha zikae ~/.config/autostart na menyu isomwe kutoka mafaili ya .desktop. Makubaliano hayo ni mazuri sana, ndio yanafanya programu moja itokee kwenye desktopu zote bila kazi, na ndio hayo hayo yanafanya zigongane, kwa sababu zote zinasoma foda moja.

Mwonekano ndio wa kwanza kuharibika. Plasma inataka programu za GTK zifanane nayo, kwa hivyo inaandika kwa ~/.config/gtk-3.0/settings.ini na ya gtk-4.0. Ukirudi GNOME ama Xfce unakuta programu zimevaa nguo za Plasma, fonti ingine, kishale kingine. Rudisha:

```
gsettings reset org.gnome.desktop.interface gtk-theme
gsettings reset org.gnome.desktop.interface icon-theme
gsettings reset org.gnome.desktop.interface cursor-theme
gsettings reset org.gnome.desktop.interface font-name
rm ~/.config/gtk-3.0/settings.ini ~/.config/gtk-4.0/settings.ini
```

Futa hizo faili tu, tafadhali usifute foda nzima ya gtk-3.0, kwa sababu ndani kuna faili inaitwa bookmarks na hiyo ndio yenye zile njia zako za mkato za pembeni kwa Nautilus na Thunar, programu za mafaili za GNOME na Xfce. Kama GNOME imevurugika zaidi ya hapo, ile faili tuliyohifadhi mwanzo:

```
dconf load / < ~/gnome-yangu.ini
```

Toka uingie, setingi zilizo kwa hiyo faili zitakuwa zimerudi.

Pili ni programu zinazojianzisha. Tuseme kwa Xfce uliweka Plank ile ya ikoni za chini. Kesho ukiingia Plasma iko pale pia, imekaa juu ya paneli ya Plasma. Fungua ~/.config/autostart/plank.desktop na chini tu ya mstari wa `[Desktop Entry]` ongeza:

```
OnlyShowIn=XFCE;
```

Baadhi ya majina ya desktopu yanayokubalika ni GNOME, KDE, XFCE, MATE, LXQt na X-Cinnamon, herufi ziwe hivyo hivyo na usisahau hiyo nukta na mkato ya mwisho. Kinyume chake ni `NotShowIn=`. Ujanja huo huo unasafisha menyu, maana sasa una terminali tatu na Nautilus, Dolphin na Thunar zote zimepangana hapo. Kopi faili ya programu kutoka /usr/share/applications kwenda ~/.local/share/applications, na uongeze mstari kwa hiyo kopi. Usihariri ile ya mfumo, apdeti ikija itaifuta. Na mstari lazima uwe chini ya `[Desktop Entry]`, ukiuweka mwisho wa faili baada ya zile sehemu za Action hautasomwa.

Tatu, ukibonyeza foda inafunguka na programu ya desktopu ingine. Wengi wanabadilisha kwa setingi, wanarudi upande ule mwingine wanabadilisha tena, kila siku. Kumbe kila desktopu inaweza kuwa na orodha yake. Tengeneza faili ~/.config/kde-mimeapps.list uandike:

```
[Default Applications]
inode/directory=org.kde.dolphin.desktop
```

na ingine ~/.config/xfce-mimeapps.list:

```
[Default Applications]
inode/directory=thunar.desktop
```

Jina la mbele ni lile la `$XDG_CURRENT_DESKTOP` kwa herufi ndogo. Hizi zinashinda ile mimeapps.list ya kawaida, na ile ya kawaida unaiachia GNOME. Picha na PDF unaweza kuzipanga hivyo hivyo.

Nne, na hii ndio iliniuma zaidi, paswadi. GNOME inaweka siri zako kwa gnome-keyring, Plasma inaweka kwa KWallet. Chrome na Chromium zinaangalia ziko desktopu gani na kuchagua hifadhi ya hapo, sasa ukitoka GNOME ukaingia Plasma inatafuta ufunguo kwa KWallet, haupo, na inakutoa kwa akaunti zote. Niliingia Plasma usiku mmoja nina kazi ya mteja ya kupeleka kabla ya asubuhi, nikapata nimetolewa kwa imeili, na namba ya kuthibitisha inatumwa kwa simu ambayo ilikuwa imezima na stima haipo. Dawa ni kuiambia itumie hifadhi moja popote ilipo:

```
google-chrome --password-store=gnome-libsecret
```

Ili usiandike kila mara, kopi faili yake ya .desktop kama tulivyofanya hapo juu na uongeze hayo maneno kwa kila mstari unaoanza na `Exec=`. Amua hili siku ya kwanza, kabla hujaanza kuhama hama. Firefox haina hii shida, inahifadhi paswadi zake yenyewe.

Wifi nayo ina kamchezo kama hako. Ukiunganisha ukiwa Plasma inaweza kuficha paswadi ya wifi kwa KWallet, na ukiingia Xfce unaulizwa upya. Iweke kwa mfumo ili iwe ya wote:

```
 sudo nmcli connection modify "JinaLaWifi" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "paswadi"
```

Nimeacha nafasi moja kabla ya sudo kwa makusudi. Kwa Ubuntu amri inayoanza na nafasi haihifadhiwi kwa historia ya terminali, hivyo paswadi ya wifi haibaki imeandikwa hapo. Hii moja inasaidia hata kama kila mtu ana jina lake.

Mbili kwa wakati mmoja

Mama anaandika hesabu na wewe unataka dakika tano. Usimwambie afunge. Kwa menyu ya kutoka kuna kubadilisha mtumiaji, skrini ya GDM inakuja, unaingia kwa jina lako na Plasma yako, na Xfce yake inaendelea kuwa hai nyuma. Kurudi ni Ctrl+Alt na moja ya F, jaribu F2, F3, F4 uone nani yuko wapi. Amri `loginctl list-sessions` inakuonyesha walio ndani. Hapa ndio RAM inaliwa kweli, na kwa 8GB mbili zinatosha vizuri kama hakuna aliyefungua tabu arobaini. Kwa 4GB nisingefanya.

Kitu kimoja tu usijaribu: jina moja, desktopu mbili, kwa wakati mmoja. Zinagawana huduma zile zile za nyuma za mtumiaji na moja itaharibu nyingine ikiwa hai, si setingi tu.

Kama unataka tu kuchungulia Xfce ama LXQt ikoje bila kutoka ulipo, kuna Xephyr, ni dirisha lenye skrini nzima ndani yake:

```
sudo apt install xserver-xephyr
Xephyr :2 -screen 1280x720 &
DISPLAY=:2 dbus-run-session startxfce4
```

Xfce inafunguka ndani ya dirisha, unazunguka, unafunga. Kwa Plasma na GNOME siipendekezi, hizo zimeshikana sana na huduma za mtumiaji.

Ikikataa kuingia

Unaweka paswadi, skrini inameremeta, inakurudisha palepale. Ingia Ctrl+Alt+F3 na uangalie vitu viwili kwanza, `df -h` kuona kama diski imejaa, na `ls -l ~/.Xauthority`. Kama hiyo faili inaonyesha ni ya root (msimamizi wa mfumo), mtu aliwahi kuendesha kitu cha skrini na sudo, irudishe:

```
sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority
```

Isiposaidia jaribu kuingia na desktopu ingine kwa gia, na hii ndio raha ya kuwa nazo tatu, moja ikianguka una mahali pa kusimama ukiitengeneza. Kisha soma `journalctl --user -b` uone ni nini ililalamikia mwisho. Ikiwa mtumiaji mwingine anaingia vizuri kwa desktopu hiyo hiyo basi ujue shida ni setingi zako, si mfumo. Kwa Xfce peleka foda pembeni, `mv ~/.config/xfce4 ~/.config/xfce4-zamani`, uingie upya na itaanza kama mpya.

Kuondoa moja

Siku ukiamua Xfce haitakiki tena, ingia kwa desktopu nyingine kwanza. Hakikisha display manager iliyo kazini si ile itakayoondoka. Halafu:

```
sudo apt purge xfce4 xfce4-goodies
sudo apt autoremove --purge
```

Ya kwanza peke yake inaondoa karibu jina tu, kwa sababu xfce4 ni pakeji ya kubeba zingine. Ya pili ndio inafagia. Kabla ya kubonyeza y kwa ile ya pili soma orodha yote polepole, hata kama ni ndefu. Ukiona `ubuntu-desktop`, `gdm3` ama `network-manager` kwa zinazoondolewa bonyeza n mara moja, kwa sababu bila network-manager utakuwa huna hata intaneti ya kurekebishia. Kama hukumbuki uliinstoli nini na siku gani, /var/log/apt/history.log ina amri za karibuni na tarehe zake. Na kama mambo yamechanganyika hadi huoni mwanzo wala mwisho, ile picha ya Timeshift ya siku ya kwanza bado iko, `sudo timeshift --restore`, chagua tarehe, acha ifanye kazi yake na chaja ikiwa imechomekwa.

Mafaili ya Xfce yaliyobaki kwa foda ya kila mtu, ~/.config/xfce4 na ~/.config/Thunar, apt haiyagusi. Unaweza kuyaacha, ni madogo, na mama akisema anataka ile yake ya zamani unairudisha na amri moja na atakuta paneli pale pale alipoiacha.